Frank Lillie, Mtaalamu wa Yai la Kuku na Ng'ombe Pacha

Naandika kutoka Liboi, huku kwetu mpakani, ambako ukishika njia ya kwenda mashariki hupiti muda mrefu umeshaingia Somalia. Wenzangu wengi wa Chama cha Kiswahili mwaka huu wameandika juu ya wapigania uhuru na wachezaji wa kandanda, na hiyo ni haki yao. Mimi nimemchagua mtu ambaye nina hakika wengi wenu hamjapata kumsikia, ingawa wataalamu wa viumbe wa dunia nzima wanamjua. Jina lake ni Frank Rattray Lillie. Alifariki mwaka wa 1947, hata babu yangu alikuwa hajazaliwa.

Sababu ya kumchagua ni ng'ombe. Baada ya zile mvua kubwa za mwisho wa mwaka wa 2023, ng'ombe wetu mmoja alizaa pacha, ndama dume na ndama jike. Boma zima lilishangilia, maana ukame uliotangulia ulikuwa umetumalizia mifugo, na ng'ombe kuzaa pacha si jambo la kila siku. Baba alitangaza papo hapo kwamba yule jike ni wangu. Akianza kuzaa, maziwa yake yatauzwa yanilipie karo mpaka nimalize kidato cha nne. Nilifurahi sana tu. Lakini babu, aliyekuwa ameegemea fimbo yake pale langoni, hakushangilia. Alimtazama yule ndama jike, akatikisa kichwa, akasema kwamba jike aliyelala tumbo moja na dume hazai, kwa hiyo tusimhesabu. Baba alimjibu kwa adabu kwamba mara moja moja huzaa. Mimi nilikasirika kimoyomoyo, nikadhani haya ni mambo ya wazee. Nilipomwuliza babu ni kwa nini hazai, alisema ndivyo alivyoambiwa na baba yake, na ndivyo alivyoona mwenyewe tangu ujana.

Basi nikalipeleka swali hilo kwa mwalimu wetu wa bayolojia. Mwalimu alicheka, akanieleza kwamba babu amesema kweli, na kwamba yuko mtaalamu mmoja aliyelifumbua fumbo hilo, tena mtaalamu mwenyewe ndiye aliyeandika kitabu mashuhuri cha jinsi kifaranga anavyoumbika ndani ya yai. Ebo! Nikajiuliza, yai la kuku na ng'ombe tasa vinahusiana wapi? Hapo ndipo nilipoanza kumfuatilia Bwana Lillie.

Alizaliwa tarehe 27 Juni mwaka wa 1870 katika mji wa Toronto, nchini Kanada. Alipoingia Chuo Kikuu cha Toronto nia yake ilikuwa kusomea dini awe kasisi, lakini masomo ya viumbe yakamvuta, naye akahitimu mwaka wa 1891 akiwa mwanasayansi. Kiangazi cha mwaka huo huo alikwenda Woods Hole, kijiji cha pwani katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, ambako kulikuwa na maabara changa ya viumbe vya baharini. Mkuu wake alikuwa Charles Otis Whitman. Kijana huyu alishikamana na Whitman kama ndama na mamaye. Whitman alipohamia Chuo Kikuu cha Chicago mwaka wa 1892, Lillie naye akamfuata, na mwaka wa 1894 akapata shahada ya udaktari kwa kuchunguza mayai ya mnyama mdogo wa mtoni mwenye magamba mawili kama chaza. Alifuatilia seli moja moja, hii inagawanyika hivi, ile inageuka kuwa kiungo gani. Kazi ya namna hiyo inahitaji subira ya mchunga ngamia.

Mwaka wa 1895 alimwoa Frances Crane, binti wa tajiri wa Chicago. Alifundisha Michigan, akapitia chuo cha Vassar kwa muda mfupi, kisha mwaka wa 1900 akarudi Chicago na hapo ndipo alipofanya kazi mpaka uzeeni. Mwaka wa 1908 aliushika uongozi wa maabara ya Woods Hole, na mwaka wa 1910 akawa mkuu wa idara ya zuolojia chuoni kwake. Shemeji yake, Charles Crane, alitoa fedha nyingi za kuiinua ile maabara. Nasema haya kwa sababu sayansi nayo hula pesa, isidhaniwe ni akili peke yake.

Mwaka huo wa 1908 ndipo kilipotoka kile kitabu chake juu ya ukuaji wa kifaranga. Kilisomwa vyuoni kwa miaka mingi. Ndani yake msomaji anafuata siku 21 za yai, tangu lilipoatamiwa mpaka kifaranga anapolivunja ganda. Mwalimu alipotueleza habari hizo mimi sikutosheka. Nilirudi nyumbani, nikasubiri mama aondoke, nikachukua yai moja chini ya kuku aliyekuwa ameatamia siku ya nne, nikalivunja polepole ndani ya bakuli. Wallahi niliona kwa macho yangu nukta nyekundu inadunda, na mishipa ya damu imetandaa juu ya kiini kama mizizi. Ule ulikuwa moyo! Nilisimama pale nimeduwaa mpaka mama akanikuta. Yaliyofuata hayahusiani na sayansi, kwa hiyo nayaruka.

Kitu ambacho hukioni, hata ukiwa na darubini ya maabara, ni kama kiinitete hicho cha siku nne ni mtetea au ni jogoo. Mpaka kufikia kama siku ya sita, kuku wote ndani ya yai ni sawasawa. Kila mmoja ana tezi mbili ndogo karibu na figo, na tezi hizo zinaweza kuwa korodani au ovari. Zaidi ya hayo, kila mmoja ana mifereji ya aina zote mbili, wa kike na wa kiume, kana kwamba maumbile yameandaa safari mbili na bado hayajaamua ni ipi. Kisha kitu fulani hutokea, na njia hugawanyika. Ni kitu gani hicho? Swali hilo lilikuwa mbele ya kila mtaalamu wa viinitete, na Lillie alikuwa amewaangalia vifaranga wengi kuliko karibu mtu yeyote. Lakini jibu lake la kwanza halikutoka kwenye yai. Lilitoka kichinjioni.

Wafugaji wa Uingereza walimjua zamani yule ng'ombe wa babu, wakampa jina la frimatini. Mwaka wa 1779 daktari mpasuaji mashuhuri wa London, John Hunter, aliandika habari za ng'ombe kama hao aliowapasua. Kwa nje walikuwa majike, lakini kwa ndani ovari zao zilikuwa zimedumaa, pengine zikifanana na korodani, na mfuko wa uzazi haukukamilika. Hunter alieleza alichokiona, ila hakuweza kueleza kimetoka wapi. Miaka zaidi ya mia moja ikapita watu wakibishana. Wengine walishikilia kwamba huyo si jike kamwe, bali ni dume aliyeharibika, ati pacha hao wametoka katika yai moja la mama.

Inasimuliwa kwamba msimamizi wa shamba la Lillie alimletea siku moja vijusi viwili vya ng'ombe, pacha, dume na jike, vikiwa bado ndani ya ngozi zao za uzazi. Lillie alivitazama akataka zaidi. Sasa, Chicago ya siku hizo ilikuwa mji wa nyama. Yadi zake kuu za mifugo, zilizofunguliwa mwaka wa 1865 na kufungwa mwaka wa 1971, zilipokea ng'ombe wasiohesabika kwa reli kutoka pande zote za nchi. Ng'ombe wengine walichinjwa wakiwa na mimba, na wachache kati yao walikuwa na mimba ya pacha. Lillie alifanya mpango mifuko yao ya uzazi isitupwe, apelekewe yeye. Hebu fikiria, mkuu wa idara mzima, mtu wa suti na tai, anapokea mizigo ya damu kutoka kichinjioni na kuifungua mezani kwa furaha!

Hapa naomba msomaji utulie kidogo, maana ndipo penye utamu. Kwanza Lillie alizitazama ovari za yule mama. Kila yai linapotoka kwenye ovari huacha alama ya manjano. Katika mimba za dume na jike alikuta alama mbili. Basi mayai yalikuwa mawili, na hoja ya yai moja ikaanguka. Pili, alifuatilia mishipa ya damu. Akaona kwamba ngozi za ndama pacha huungana mapema sana tumboni, na mishipa yao hushikana, hata damu ya huyu ikawa inapita kwa yule. Mtu angeweza kusema hapo kwamba ameshapata jibu. Lakini Lillie hakuridhika, aliwatafuta wale wachache ambao mishipa yao haikuungana. Na kumbe, hao majike walikuwa wazima kabisa, ingawa walilala tumbo moja na dume! Aidha majike wawili walioungana damu hawakudhurika. Dhara lilitokea pale tu damu ya dume ilipomfikia jike.

Kwa hiyo akakata shauri kwamba korodani za ndama dume, ambazo huanza kazi kabla ya ovari za dada yake, hutia ndani ya damu kitu fulani, na kitu hicho husafiri mpaka kwa jike na kuupotosha ukuaji wake. Neno homoni lilikuwa limeanza kutumika mwaka wa 1905 tu, likimaanisha ujumbe unaotoka kwenye tezi na kusafiri kwa damu. Lillie alilichukua neno hilo akalipeleka ndani ya tumbo la uzazi, kwa mtu ambaye hata hajazaliwa. Alitoa habari hizo kwa kifupi mwaka wa 1916 na kwa urefu mwaka wa 1917. Huko Vienna wataalamu wawili, Karl Keller na Julius Tandler, walikuwa wamefikia jambo hilo hilo kwa njia yao, lakini hiyo ilikuwa miaka ya Vita Kuu ya Kwanza, na habari hazikuvuka bahari kwa urahisi.

Nilipofika hapa nilimwelewa na baba pia. Kwa ng'ombe, katika kila majike kumi waliozaliwa pacha na dume, karibu tisa huwa tasa. Huyo wa kumi ndiye baba alikuwa akimwombea.

Sasa turudi kwa kuku, maana Lillie naye alirudi. Kuku hana kondo wala hashiriki damu na mwenzake. Kila mmoja yumo ndani ya ganda lake. Kwa hiyo asiyejua angedhani habari ya homoni haimhusu. Lakini watu walikuwa wameona vituko. Si unajua kwamba kuna mtetea ambaye uzeeni huanza kuwika? Katika nyumba nyingi huku kwetu kuku kama huyo hachelewi kuingia sufuriani, husemwa ni mkosi. Ulaya ya zamani walikuwa wakali zaidi. Mwaka wa 1474 katika mji wa Basel, nchini Uswisi, jogoo alishtakiwa mahakamani kwa kosa la kutaga yai, akahukumiwa na kuchomwa moto. Huenda maskini alikuwa mtetea tu ambaye ovari yake iliugua.

Huko Chicago Lillie na wenzake walichagua kuku wa aina ya Brown Leghorn, kwa sababu jogoo wake ana kifua cheusi na shingo ya dhahabu, na mtetea ana kifua cha rangi ya chungwa iliyofifia. Mwenzake mmoja, Lincoln Domm, aliwatoa ovari mitetea wachanga. Ikumbukwe kwamba mtetea ana ovari moja tu inayofanya kazi, ya upande wa kushoto. Ile ya kulia hudumaa tangu yumo ndani ya yai. Mitetea hao waliota manyoya ya jogoo, undu ukawa mkubwa na mwekundu, wengine wakawika. Na ile tezi ya kulia iliyodumaa ikaamka, ikakua kuwa kitu kinachofanana na korodani! Lakini jogoo aliyehasiwa hakupata manyoya ya mtetea. Alibaki na manyoya yake ya kijogoo, ila undu ulisinyaa na kuwika kukaisha.

Lillie na mwenzake Mary Juhn walikwenda mbali zaidi. Unyoya ukinyofolewa, mwingine huota mahali pake, unakua kutoka shinani siku baada ya siku. Walimchoma jogoo sindano ya homoni ya kike wakati unyoya unaota, na sehemu ile iliyokuwa ikiota siku hizo ikatoka na rangi ya mtetea, kama mstari. Sindano ilipokoma, unyoya ukarudi kwenye rangi ya jogoo. Yaani unyoya ukawa daftari, unaandika wenyewe siku gani homoni ilipita. Mimi nikiwaza jambo hili naona ni zuri kuliko hata lile la ng'ombe.

Somo lake ni kwamba kwa ndege, vazi la kiume ndilo huja lenyewe, na vazi la kike ndilo huletwa na homoni. Anayetaka ushahidi wa karibu amwangalie mbuni. Mbuni wetu wa Kaskazini Mashariki, ambaye Kisomali humwita gorayo, dume wake ni mweusi mwenye shingo ya rangi ya buluu na kijivu, na jike ni wa kahawia. Huko Afrika Kusini, walikofuga mbuni kwa ajili ya manyoya, ilionekana kwamba jike akiondolewa ovari huota manyoya meusi kama dume.

Homoni zenyewe hazikupatikana kwa urahisi. Mwaka wa 1927 hapo hapo Chicago, Fred Koch na mwanafunzi wake Lemuel McGee walichukua kama kilo 18 za korodani za mafahali kutoka machinjioni, wakazipika na kuzichuja kwa kemikali, na mwishowe wakabaki na miligramu 20 tu za kitu chenye nguvu. Walijuaje kina nguvu? Waliwachoma sindano majogoo waliohasiwa, na undu uliosinyaa ukasimama tena mwekundu. Mafahali kwa majogoo, homoni ni ile ile.

Kufikia mwaka wa 1935 homoni safi zilikuwepo, na ndipo lile swali la yai lilipoulizwa moja kwa moja. Benjamin Willier, aliyekuwa mwanafunzi wa Lillie, pamoja na Koch na mwenzao Gallagher, walizitia homoni ndani ya mayai yaliyoatamiwa. Mwaka huo huo Étienne Wolff na mwenzake walikuwa wakifanya vivyo hivyo katika mji wa Strasbourg, Ufaransa. Matokeo yalifanana: yai ambalo lingetoa jogoo, likipewa homoni ya kike mapema, kifaranga alitoka na tezi ya kushoto iliyogeuka ovari nusu au zaidi. Kumbe ndani ya ganda napo ujumbe hupita, ila kila kifaranga anajiandikia wake mwenyewe.

Kuna jambo moja katika maisha ya Lillie ambalo sitaliruka. Mwaka wa 1909 alifika Woods Hole kijana Mwafrika wa Marekani, Ernest Everett Just, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Howard. Lillie alimpokea awe msaidizi wake, wakachunguza pamoja mayai ya wanyama wa baharini. Just alipata shahada ya udaktari huko Chicago mwaka wa 1916, mwaka ule ule wa habari za ng'ombe, naye akawa mmoja wa wajuzi wakubwa wa yai duniani. Lakini kwa sababu ya rangi yake hakuna chuo kikuu cha Wazungu kilichompa kazi. Tangu mwaka wa 1929 akawa anakimbilia Ulaya kufanya utafiti. Mwaka wa 1940 Ufaransa ilipovamiwa alifungwa kwa muda, akarudi Marekani, akafariki mwaka wa 1941. Lillie ndiye aliyeandika tanzia yake, na ndani yake alikiri ubaguzi ulivyomwumiza. Kwa maoni yangu Lillie alimfungulia mlango wa maabara, lakini ule mlango wa kazi ulibaki umefungwa, na mtu mwenye vyeo kama vyake angeweza kuusukuma zaidi.

Na vyeo alikuwa navyo. Mwaka wa 1930 alisaidia kuanzisha taasisi ya elimu ya bahari huko Woods Hole, akawa rais wake wa kwanza. Toka 1935 hadi 1939 alikuwa rais wa Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani. Alifariki mjini Chicago tarehe 5 Novemba mwaka wa 1947, akiwa na umri wa miaka 77.

Je, alikuwa sahihi katika kila kitu? La hasha. Mwaka huo huo wa 1947, Mfaransa Alfred Jost alieleza majaribio yake juu ya vijusi vya sungura. Alionyesha kwamba korodani za kijusi hutoa zaidi ya ujumbe mmoja, na mmoja wao kazi yake ni kuiondoa ile mifereji ya kike. Siku hizi wataalamu wanaona kwamba huo wa pili ndio unaomharibu zaidi yule ndama jike, si ile homoni ya undu peke yake. Tena mwaka wa 1945 Ray Owen wa Wisconsin aligundua kwamba ng'ombe pacha hubadilishana hata chembe za damu zenyewe, na kila mmoja huishi na za mwenzake maisha yake yote. Ugunduzi huo ulisaidia kuonyesha jinsi mwili unavyoweza kufundishwa kupokea kiungo cha mwingine.

Kwa upande wa ndege, sasa inajulikana kwamba mama ndiye anayeamua jinsia. Jogoo ana kromosomu mbili za Z, mtetea ana Z moja na W moja. Kifaranga jike anapofikia siku ya sita hivi, tezi zake huanza kutengeneza kimeng'enya kiitwacho aromatazi, ambacho huigeuza homoni ya kiume kuwa ya kike. Hiyo ndiyo njia panda yenyewe! Mwaka wa 1992 wataalamu Elbrecht na Smith walitia mayai dawa ya kukizuia kimeng'enya hicho, na vifaranga waliokuwa majike kwa kromosomu wakaota korodani. Lakini mwaka wa 2010 wataalamu wa Edinburgh walichunguza kuku wa ajabu, upande mmoja wa mwili jogoo, upande wa pili mtetea. Damu ni moja, homoni ni zile zile, na bado pande mbili zimetofautiana. Maana yake kila seli ya kuku inajijua yenyewe kwa kiasi fulani, na homoni si msemaji wa pekee. Lillie aliwahi kuandika juu ya ndege wa namna hiyo mwaka wa 1931, kwa hiyo fumbo alikuwa ameliona.

Usidhani haya ni ya maabara tu. Makampuni ya mayai huhitaji mitetea, na vifaranga dume wasio na faida huuawa siku wanayoanguliwa, mabilioni kila mwaka duniani. Ujerumani ilipiga marufuku jambo hilo kuanzia mwaka wa 2022. Njia mojawapo wanayotumia sasa ni kuchukua tone la maji ya yai karibu na siku ya tisa na kupima homoni ya kike. Yenye homoni hiyo hurudishwa kuatamiwa, mengine huondolewa.

Yule mtamba wangu alikua vizuri, alinenepa hata watu wakawa wanamsifu kisimani. Lakini mwaka mmoja ukapita, na wa pili ukapita, wala fahali hakumtazama. Mwishowe baba alimpakia lori akampeleka soko la mifugo la Garissa, akauzwa kwa ajili ya nyama kwa bei nzuri, na karo ya kidato cha tatu ikalipwa mara moja badala ya kidogo kidogo. Ya kidato cha nne bado tunaitafuta. Dume pacha wake yupo, mzima.

Jioni moja nilimsimulia babu habari zote hizi za Lillie, nikimfasiria kwa Kisomali, pamoja na Chicago na mishipa ya damu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Sehemu ya mishipa alitaka niirudie mara mbili. Kisha akauliza ni ng'ombe wangapi waliochinjwa mpaka mzungu huyo akajua, na kwa nini wenye ng'ombe hawakuulizwa kwanza.